Kimea kwa kuku wa mayai: kilo 1 inakuwa 6 kweli, ila 5 ni maji

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Singida. Anasema ana kuku chotara 80 wanaotaga na majogoo anaotaka kuwauza mwezi wa 12, chakula cha dukani kimemshinda bei, na ameona video ya mtu anaotesha nafaka kwenye trei anasema kilo 1 inazaa kilo 6, kuku hawahitaji kitu kingine, na eti kimea kinazuia hata kideri. Ndani ana magunia ya mtama na mahindi kidogo, ameshaloweka debe zima la mtama jana usiku. Anauliza mambo matatu: je aendelee na mtama, je aache kabisa chakula cha dukani, na ile pamba nyeupe aliyoiona kwenye mizizi ya mahindi aliyojaribu wiki iliyopita ni fangasi au la.

Marahaba dada yangu. Naanza na la haraka maana umeshaloweka: mtama huo usiuoteshe. Kama bado haujatoa mche, uchuje sasa hivi, utandaze kwenye turubai juani, ukauke kabisa leo leo, utautumia kwenye mchanganyiko nitakaokueleza chini huko, hujapoteza kitu. Kama ukisoma hapa utakuta umeshachipua, usiwape.

Sababu ni hii. Punje kavu ya mtama ni chakula kizuri tu, haina neno. Lakini ikianza kuota, ule mche mdogo unatengeneza kitu ambacho kikitafunwa au kupondwa kinatoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Na mche mchanga ndo wenye nyingi kuliko mtama uliokomaa. Hili nyie watu wa Singida mnalijua vizuri kwa upande wa ng'ombe na mbuzi, mnyama akiingia kwenye shamba la mtama mchanga au machipukizi yanayoota baada ya kuvuna mnamkuta amelala, na wengine hawaamki. Kuku naye ana damu na anapumua kama wao, sianidi inazuia mwili kutumia hewa ya oksijeni, haichagui.

Najua utaniambia mbona kimea cha mtama tunakitumia kwenye togwa na pombe tangu enzi za bibi zetu. Ni kweli, ila angalia kinavyotengenezwa: kinaanikwa, kuna watu wanasugua ile michipukizi na mizizi inadondoka, kinasagwa, halafu unga wake unaingia kwenye uji wa moto au unachemshwa kabisa. Sianidi ni kitu chepesi, inachemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo kwenye moto sehemu kubwa inaondoka na mvuke. Wewe ukimpa kuku mche mbichi unampa na kila kilichomo.

Sasa tuje kwenye hizo kilo 6, maana hapa ndo watu wengi wanapoumia mfukoni. Yule wa kwenye video hajadanganya kuhusu mzani. Kilo 1 ya shayiri au mahindi ukiiotesha siku 7 inaweza kweli kufika kilo 6 na zaidi. Swali ni kilo 6 za nini. Nafaka kavu ya kilo 1 ina kama gramu 880 za chakula halisi, zilizobaki ni unyevu. Mbegu ikiota inaishi, inapumua, na inapopumua inachoma wanga wake yenyewe kupata nguvu ya kutoa mizizi na majani, kwa hiyo siku ya 7 chakula halisi kimepungua mpaka kama gramu 750 hivi. Yaani umeanza na gramu 880 umemaliza na 750, na kilo 5 na robo zote ni maji ya bomba uliyomwagia. Hakuna chakula kilichozaliwa hapo.

Na kuku hana tumbo la ng'ombe. Kuku anayetaga anahitaji kama gramu 100 za chakula kikavu kwa siku, ukisema umpe majani hayo tu itabidi ale gramu 800, na hiyo haiwezekani kabisa, atashiba maji, mfuko wake wa shingoni utajaa, jioni unaushika unakuta mlaini kama puto na mayai yanaanza kupungua ndani ya wiki. Halafu ile mizizi iliyosukana kama mkeka inaweza kuziba hapo hapo shingoni akashindwa kumeza. Watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa wanaitumia vizuri, kwa kuku hapana, isipokuwa kidogo na ikiwa imekatwakatwa.

Kuhusu protini pia utasikia wanasema inapanda. Asilimia inapanda kwa sababu wanga umepungua, protini yenyewe kwa gramu imebaki karibu ile ile. Mahindi yana protini kama asilimia 8 hadi 9, kuku wa mayai anataka 16 hadi 17. Ukiotesha mahindi usiku na mchana hutafika 16.

Baada ya kusema yote hayo, mimi sipingi kimea. Nakipenda na ningependa ukitumie, ila kwa kazi yake. Punje ikianza kuota vimeng'enya vinaamka, vinavunja wanga kuwa sukari rahisi, vinafungua fosforasi ambayo kwenye punje kavu imefungwa na kuku hawezi kuitoa vizuri, na vitamini kadhaa zinaongezeka. Kuku wanakipenda sana, na kuku aliyefungiwa bandani akipata kitu kibichi cha kuchezea anapunguza kudonoa wenzake manyoya. Na kuna hili la Singida hasa: kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua zirudi hamna jani bichi huko nje, na mahindi yetu ni meupe, hayana karotini, ile rangi ya njano ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kuku anayekula mahindi meupe bila majani miezi yote hiyo kiini cha yai kinakuwa cheupe, wateja wanalalamika, na yeye mwenyewe anakosa vitamini A, utaona macho yanatoa machozi mazito, mafua hayaishi. Hapo kimea kinasaidia kweli, lakini karotini iko kwenye jani la kijani, kwa hiyo kile kimea cheupe cha siku 3 cha ndani ya ndoo hakitakupa rangi ya kiini, lazima kifike kwenye mwanga kiwe kijani.

Nafaka ya kuotesha kwako ni uwele. Upo mwingi Singida na Dodoma, punje ni ndogo kuku anaimeza bila shida, unaota haraka hata kwenye joto, protini yake iko juu kidogo ya mahindi, na hauna ile sianidi ya mtama. Usichanganye hayo mawili, hata mbegu za uwele ulizonunua sokoni pepeta uangalie kama zimechanganyika na mtama. Ngano na shayiri ni nzuri vilevile, ila hizo ziko zaidi Karatu, Hanang na upande wa West Kilimanjaro, mpaka zikufikie bei imeshapanda. Mahindi yanaota taratibu na yanashika ukungu upesi, mimi nisingehangaika nayo. Choroko na kunde unaweza kuotesha kidogo. Maharage usithubutu, yakiwa mabichi yana sumu yake hata yakiota.

Namna ya kufanya: kuku 80 wanatosha kimea kama kilo 1 na nusu kwa siku, yaani kila mmoja kama gramu 20, konzi ndogo. Kimea cha siku 3 kinakuwa na uzito kama mara 2 ya nafaka kavu, kwa hiyo unaloweka gramu 700 hadi 800 za uwele kila siku. Chagua, pepeta, toa zilizovunjika maana iliyovunjika haioti, inaoza na kuambukiza wenzake. Osha mpaka maji yawe meupe. Halafu loweka nusu saa kwenye maji yenye Jiki, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1, suuza vizuri mara 3, kisha loweka kwenye maji safi usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji yote. Weka kwenye ndoo au beseni uliyotoboa matundu madogo chini, unene usizidi vidole viwili, funika na kitambaa kibichi cha pamba, weka kivulini. Suuza asubuhi, mchana na jioni, na kila ukisuuza acha maji yachuruzike yote, maana kinachoozesha ni maji yaliyotuama chini. Mimi nikikagua kimea cha mtu huwa naingiza mkono mpaka chini ya beseni. Juu kinaweza kuwa kizuri kabisa na chini kuna joto na utelezi, ukikuta joto hilo ujue umeweka kinene mno. Ukiwa na mabeseni 4 unayapokezanisha, kila siku moja linaloweshwa na moja linaliwa. Ukitaka ya kijani, yaache mpaka siku ya 6 au 7 sehemu yenye mwanga usio wa jua kali, kisha kata vipande vidogo na kisu ndo uwape.

Sasa ile pamba uliyoiona. Hili swali zuri na wengi wanatupa kimea kizima bure kwa sababu hiyo, na wengine wanalisha ukungu wakidhani ni mizizi. Chukua punje moja uitazame kwa karibu. Vinyweleo vya mzizi vinaota kuuzunguka mzizi peke yake, kama brashi ya kusafishia chupa, vyote urefu unalingana, vyeupe safi, na ukimwagia maji vinalala vinapotea kwa muda. Harufu ni ya kibichi, kama tango lililokatwa. Ukungu wenyewe unakaa juu ya punje na unatambaa kutoka punje moja kwenda nyingine kama utando wa buibui, maji hayauondoi, baadaye unageuka kijivu, kijani au mweusi, na harufu inakuwa ya ghala lililofungwa au ya uchachu. Kama ni hivyo beseni lote linatupwa, usichambue eti utoe sehemu mbaya, na usiutupie mbuzi wala usiutupe pale kuku wanapochakura. Vumbi la ukungu hata wakilivuta tu linaingia kwenye mapafu, vifaranga ndo wanaokufa zaidi.

Na kuotesha hakuondoi sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wanachukua mahindi yaliyooza ghalani wanasema ngoja tuyaoteshe kuku wale. Mahindi yenye sumukuvu yakiota yanabaki na sumukuvu, na unyevu unaongeza nyingine. Sumu hii ilijulikana kupitia ndege hawa hawa wa kufugwa, mwaka 1960 Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Kwa binadamu tumeyaona Kenya 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani walikufa watu 125, na 2016 hapo kwa jirani zako Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Kuku akila sumukuvu kidogo kidogo hafi leo, anashuka kutaga, ini linaharibika, chanjo hazishiki vizuri, na wewe unamlaumu aliyekuuzia chanjo. Kisichofaa kuliwa na watu usimpe kuku.

Kitu kingine cha hatari ni mbegu ya dukani. Mbegu ya kupanda yenye rangi nyekundu, pinki, kijani au bluu imepakwa dawa, mara nyingi ya kuua ukungu. Kuna moja inaitwa thiram, kuku wakiila mayai yanatoka bila ganda au yamepinda na miguu inalegea. Kuosha hakutoshi. Otesha nafaka ya chakula tu, na kama uliihifadhi kwa dawa ya unga, isubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kisha ioshe sana.

Haya, sasa hapa ndo kwenye pesa yako. Utaokoa kwa kuchanganya chakula mwenyewe, na Singida uko mahali pazuri kuliko wengi kwa sababu mashudu ya alizeti yanatoka hapo hapo mjini. Kwa kuku wa mayai, kwa karibu kilo 100, mimi ningechanganya hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba ya mahindi 13, mashudu ya alizeti 16, soya iliyokaangwa na kusagwa 8, dagaa waliosagwa 8, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa 1, primiksi (ule unga wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai nusu kilo ila soma pakiti maana kipimo kinatofautiana, na chumvi robo kilo. Ukipiga hesabu protini inakuja kama asilimia 16 na nusu, kalsiamu inatosha ganda. Kuku 80 watakula kilo 9 hivi kwa siku kwa hiyo mchanganyiko huu unakwenda siku 10 au 11.

Ule mtama wako unaingia kwenye nafasi ya mahindi. Kama ni mweupe, mfano ile mbegu ya Macia, unaweza kuweka hata kilo 45 zote, mkavu, umeparazwa. Kama ni mwekundu au wa kahawia, ukwangue ganda la punje kwa ukucha, ukiona chini yake kuna tabaka la kahawia huo una tanini, ni ule ule ambao kweleakwelea hawaupendi shambani kwa uchungu wake, na tanini inashika protini kuku asiipate. Huo usizidishe kilo 15 kati ya hizo 45, nyingine iwe mahindi au mtama mweupe. Mtama mweupe nao hauna rangi ya kiini, hapo ndo ule uwele wa kijani unafanya kazi, au mlonge. Kwa kweli kama una miti ya mlonge miwili mitatu iliyokubali hapo nyumbani, kausha majani kivulini, weka kilo 3 kwenye mchanganyiko upunguze pumba kilo 3, na unaweza kuacha kabisa kuhangaika na mabeseni.

Dagaa ndo wanaharibu hesabu za watu. Wa Mwanza wengi wanaanikwa mchangani, unanunua kilo 10 unapata kilo 2 za mchanga. Kabla hujalipa chukua konzi, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo, angalia kilichokaa chini. Wakiwa wabichi bichi, wana harufu ya kuoza au ukungu, waache hata kama bei ni ya kutupa. Na usiongeze zaidi ya 10 kwa 100 ukidhani unaharakisha kutaga, mayai yatanuka samaki. Kama dagaa wametiwa chumvi, ile robo kilo ya chumvi usiiweke.

Soya lazima ikaangwe. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini, unakuta amekula vizuri na hakui wala hatagi. Kaanga kwenye sufuria pana kwa moto wa wastani huku unakoroga mpaka iwe kahawia hafifu na ukiitafuna haina tena ladha ya maharage mabichi, ila isiungue, ikiungua protini imekwenda. Mashudu ya mashine ndogo yanabaki na mafuta mengi, yanachacha, kwa hiyo nunua ya kutosha mwezi mmoja tu, na usichanganye chakula cha zaidi ya wiki 3.

Kwenye kuchanganya, anza na vile vidogo: primiksi, chumvi, unga wa mifupa na chokaa kidogo, vichanganye kwenye kilo 5 za pumba kwanza mpaka rangi iwe moja, ndo umwage kwenye lundo kubwa ugeuze na koleo mara kadhaa. Ukitupa nusu kilo ya primiksi moja kwa moja kwenye kilo 100, kuku 10 watapata yote na 70 watakosa.

Asubuhi wape mchanganyiko huu kwanza washibe. Kimea wape saa 5 au saa 6 mchana, sehemu safi au kwenye chombo, na kilichobaki baada ya masaa mawili kiondoe kwa sababu kwa joto hilo kitachacha. Jioni waongezee chokaa ya chengachenga au maganda ya konokono kwenye chombo chake, maana ganda la yai linatengenezwa zaidi usiku na kuku mwenyewe anajua anahitaji kiasi gani. Usihamishe ghafla kutoka cha dukani, changanya robo ya kwako na robo tatu ya dukani siku 2, nusu kwa nusu siku 2 au 3, robo tatu ya kwako siku 2, kisha chako chote. Mayai yatashuka kidogo katikati hapo, ndani ya wiki 2 yanatakiwa yawe yamerudi, yasiporudi angalia kwanza dagaa na soya kabla ya kitu kingine.

Vifaranga usiwawekee mchanganyiko huu, chokaa yake ni nyingi mno inaua figo zao. Wao wanataka protini ya 18 hadi 20 na wanakula kidogo, wanunulie cha dukani wiki 8 za kwanza, gharama yake sio kubwa ukilinganisha na kifo. Kimea waanze kuonja wakifika mwezi, kimekatwa kidogo kabisa. Na yule mtu wa video aliyesema kimea kinazuia kideri, hapana dada. Kideri kinazuiwa na chanjo, ile ya I-2 ya tone moja la jicho kila baada ya miezi 3, usipitilize tarehe hata kama wanakula vizuri namna gani.

Majogoo uliosema unataka kuwauza mwezi wa 12 watenge wale peke yao, mchanganyiko ule ule ila toa chokaa ubakize kilo 1, na kilo 7 zilizobaki weka mahindi 5 na mashudu 2.